Umeshamwendea Mwenyewe?

Habari hii nimepewa na Mwanahalima, mke wa Seleman. Alinipa mwaka jana, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Tulikuwa tumekaa kwangu hapa Kibiti tunasuka ukili wa mikeka. Vipande vingine aliniongezea Zawadi, jirani yake wa shamba. Nilimuuliza Mwanahalima, "Mwanangu, nikiiandika watu wakaisoma, hutaona aibu?" Akanijibu, "Andika, bibi. Baba Nasra, mume wangu, naye amekubali. Aibu nilishaiona, imekwisha."

Basi naandika.

Kule bondeni, upande wa Chumbi, mpunga ukianza kuzaa watu huhama kijijini. Kila familia huhamia shambani, kwenye dungu lake. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo. Juu mnalala, chini mnapika. Ukikaa juu unaliona shamba lako lote. Kazi ya mchana kutwa ni kuamia ndege. Ndege wenyewe ni wadogo, lakini huja kundi zima. Wakitua, mnapiga kelele na kuvuta kamba zilizofungwa makopo. Ukisinzia kidogo tu, utavuna makapi.

Mtu mmoja haiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo wanawake wa madungu yale walisaidiana. Walikuwa na sufuria moja kubwa. Waliiita sufuria ya zamu. Leo anapika huyu, kesho anapika yule. Anayepika, wenzake wanamwangalizia shamba. Mchana wanakula wote katika sinia moja. Mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima, jina lake Mwanaharusi.

Kati ya wanawake wale Zawadi alikuwa Mkristo peke yake, wengine wote Waislamu. Yeye na mume wake, Nestori, walitoka Mahenge. Walikuwa na mtoto mchanga, Vumilia. Nestori aliendesha bodaboda Ikwiriri. Alfajiri anaondoka, jioni anarudi. Mchana Zawadi alibaki na mtoto mgongoni na shamba mbele yake. Mpunga ule ndio chakula chao cha mwaka mzima. Bila majirani asingeuweza.

Asubuhi moja Nestori alikuta nguruwe mwitu amekufa kwenye mtaro wa shamba lao. Alishaanza kunuka. Nestori akamfunga kamba, akamburuta mpaka porini, akamfukia. Kisha akanawa, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Jioni ile ile Zawadi alichemsha ukindu. Alitaka kuutia rangi nyekundu apate kusuka mkeka. Aliuchemsha katika debe lake kuukuu alilokata mdomo. Sufuria ya zamu ilikuwa kwake siku ile, kwa sababu zamu yake ilikuwa imeisha mchana. Aliiosha, akaiegemeza karibu na moto ikauke. Ukindu ulipokolea, akayamwaga maji ya rangi kando ya dungu.

Dungu la pili ni la Mwanahalima. Asubuhi alimwona Nestori akiburuta nguruwe. Jioni akaona moto, akaona sufuria, akaona na maji mekundu yanamwagwa.

Kesho yake alikwenda kisimani kuchota maji. Akamkuta mwenzao mmoja, Salima.

"Shoga, sisi tunakula nini humu?" Mwanahalima akauliza kwa sauti ya chini.

"Tunakula nini tena? Si wali na samaki?"

"Haya, endeleeni kula. Mwenzenu kapika nguruwe kwenye sufuria ya zamu."

"We! Nani?"

"Nani mwingine anayeweza? Lakini usinitaje. Mimi sipendi maneno."

Salima alirudi na ndoo yake kichwani. Alipita madungu matatu kabla ya kufika kwake. Kwa hiyo mpaka adhuhuri wote walikuwa wamesikia. Kila mmoja aliambiwa asitaje mtu.

Zawadi hakujua lolote. Aliona tu mambo yanabadilika. Sufuria ilichukuliwa, ikasuguliwa kwa mchanga na majivu, kisha ikafunikwa chini ya dungu la Mwanaharusi. Zamu yake ilipokaribia, Mwanaharusi alimwambia, "Pumzika kwanza, Mama Vumi. Una mtoto mchanga." Wakati wa sinia, mmoja alisema ameshiba, mwingine anaumwa jino, mwingine amefunga sunna. Wote siku moja!

Siku ya kliniki ndiyo ilimwumiza. Alimpeleka mtoto kupimwa uzito, kama kawaida akaaga, "Jamani, niangalizieni." Wakaitikia, "Haya." Aliporudi alikuta kona nzima ya shamba lake imebaki tupu. Mabua yapo, punje hakuna. Hakuna hata mmoja aliyevuta kamba yake.

Zawadi alikaa kwenye tuta, akalia. Salima alimwona, roho ikamsuta. Akaja.

"Nakwambia kwa kuwa nakupenda," alisema Salima. "Wanasema umepika nguruwe kwenye sufuria. Mwanahalima ndiye aliyeona. Ila usinitaje."

Zawadi alifuta machozi, hasira ikapanda.

"Mwanahalima?" alisema. "Mwanahalima huyu huyu? Na mimi nikifungua kinywa changu juu ya nyumba yake, je?"

"Kuna nini nyumbani kwake?" Salima akasogea karibu.

Zawadi alimtazama Salima alivyosogea. Akanyamaza. Ni kweli, kulikuwa na jambo la nyumba ile alilolijua. Alikuwa amelikalia tangu mwezi wa Ramadhani. Siku ile nusura litoke.

Jumapili Nestori alibaki kuamia ndege, Zawadi akaenda kanisani Ikwiriri. Baada ya ibada alimfuata Bibi Skola. Huyu ni mzee wa akina mama pale kanisani. Ni mjane, mtu wa kucheka, lakini akisema neno watu husikiliza. Alimkuta anabangua karanga. Zawadi akamweleza yote kuanzia mwanzo.

Bibi Skola alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umeshamwendea mwenyewe?"

"Nani, bibi?"

"Mwanahalima."

"Nikamfanye nini?"

"Hebu tuhesabu. Umemwambia mumeo. Umemwambia Salima. Umeniambia mimi. Na Mungu umemwambia?"

"Nimemwambia. Kwa machozi."

"Basi amebaki mtu mmoja tu ambaye hajaambiwa. Naye ndiye mwenye jambo."

Zawadi alichukua karanga, akaanza kubangua naye.

"Yesu alitufundisha," aliendelea Bibi Skola. "Mtu akikukosea, nenda kwake, zungumzeni ninyi wawili. Hakusema upitie kwanza kisimani."

Zawadi alicheka bila kutaka. "Lakini bibi, yeye si Mkristo. Hayo mafundisho hayamhusu."

"Yanakuhusu wewe. Tumeambiwa tumpende jirani. Jirani ni yule ambaye moshi wa jiko lake unaingia kwako. Hatukuambiwa tumuulize kwanza anasali wapi."

"Haya. Lakini na mimi ninajua jambo la nyumba yake, bibi. Kubwa! Mume wake, mwezi wa—"

"Meza!" Bibi Skola aliinua mkono wenye maganda ya karanga. "Meza hilo neno. Hata mimi usiniambie."

"Nilitaka ujue tu."

"Na yeye alitaka Salima ajue tu. Ndivyo linavyoanza. Ukilitoa, madungu yale yatakuwa na wambea wawili, na sufuria bado imefunikwa."

Zawadi alimeza. Anasema lilikuwa chungu kama kwinini.

"Sasa nitaanzaje?" aliuliza.

"Utaanza kwa kumwombea. Umtaje jina. Siyo kusema, Bwana mkomeshe. Omba mpunga wake ujae na watu wa nyumba yake wawe wazima."

"Bibi, hilo zito."

"Zito, ndiyo. Ukimwombea mtu siku mbili tatu, ukienda kwake huendi na ngumi. Na ukifika usimwite mmbea. Ukimwita hivyo, mtagombana juu ya neno hilo mpaka jioni, na la nguruwe litasahaulika. Mwambie ulichosikia. Mwulize alichoona. Halafu funga mdomo umsikilize."

"Akikana?"

"Utarudi siku nyingine na mtu anayemheshimu. Huyo Mwanaharusi wenu anafaa. Lakini safari ya kwanza ni wewe na yeye, asione umemletea baraza."

"Akikataa hata mbele ya Mwanaharusi?"

"Utakuwa umefanya lako. Siri zako usimpe tena, hiyo ni akili. Lakini akikusalimia umwitikie, na akiomba chumvi umpe. Usimbebee kinyongo, mwanangu. Una Vumilia mgongoni, huyo anatosha."

Zawadi alirudi bondeni. Jioni ile, akikoka moto, alijaribu kuomba. "Bwana, mbariki Mwanahalima," alisema. Akatua. "Lakini kidogo tu." Kisha akajicheka mwenyewe. Siku iliyofuata aliomba tena, bila kupunguza. Siku nyingine akaomba tena. Ilipofika siku hiyo aliona anaweza kulitaja jina lile bila moyo kumwenda mbio.

Asubuhi akamfunga mtoto mgongoni, akatia ukili wake wa rangi kwenye kikapu, akaenda.

Mwanahalima alikuwa juu ya dungu lake peke yake. Seleman, mume wake, alikuwa amelala kijijini, hali yake si nzuri. Kabla Zawadi hajabisha hodi, ndege walitua mwisho wa shamba la Mwanahalima. Mwanahalima alivuta kamba, ikakatika mkononi.

"Ole wangu!" alipiga kelele.

Zawadi hakufikiri. Alitupa kikapu, akakimbia tutani na mtoto mgongoni. "Haaa! Hoi! Hoi!" Alipiga makofi, akarusha udongo. Ndege wakaruka. Akaishika kamba ilipokatika, akaifunga, akarudi anahema.

Mwanahalima alimtazama kutoka juu. "Ahsante, Mama Vumi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hodi, Mama Nasra."

"Karibu. Panda."

Walikaa. Wakaulizana hali. Mtoto hajambo, mgonjwa hajambo kidogo.

"Mama Nasra," Zawadi akaanza, "nimesikia kwamba nimepika nguruwe kwenye sufuria ya zamu. Nimesikia wewe ndiye uliyeona. Nimekuja nikuulize, uliona nini?"

"Mimi? Nani kasema?"

"Aliyesema sikuja naye. Nimekuja mwenyewe."

"Watu wa hapa kwa maneno! Mimi nimekaa zangu hapa juu, natazama ndege wangu."

Zawadi alitamani kujibu. Majibu alikuwa nayo matatu, yote makali. Akakumbuka. Akafunga mdomo, akasubiri.

Mwanahalima ndiye aliyeshindwa na kimya. "Basi sikuona?" alisema kwa ukali. "Mumeo hakuburuta nguruwe? Nilimwona kwa macho yangu. Jioni ukakoka moto, sufuria yetu ipo pale. Na maji ya damu ukayamwaga nje!"

"Ndege!" alisema Zawadi.

Wakasimama wote wawili. "Hoi! Hoi! Haaa!" Makopo yakalia. Ndege wakaenda. Wakakaa tena, na ukali ulikuwa umepungua.

"Nguruwe alikufia mtaroni kwetu," alisema Zawadi. "Alikuwa ananuka. Nestori alimfukia kule nyuma ya mti mkubwa wa mkoche. Shimo lipo, nitakuonyesha. Sufuria ya zamu niliiosha nikaianika. Na maji yale ni haya hapa."

Akatoa ukili kikapuni, akauweka juu ya mapaja ya Mwanahalima. Ulikuwa mwekundu, mzuri, ncha zake bado hazijakatwa.

"Sikiliza, Mama Nasra. Wapo wenzangu wanaokula nguruwe, sikufichi. Lakini hata ningekuwa nakula, nisingempika kwenye sufuria mnayolia. Nawaheshimu."

Mwanahalima alipitisha vidole kwenye ukili. Yeye naye ni msusi. Tangu msichana anachemsha ukindu. Maji ya rangi anayajua, na damu anaijua. Kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile nilijua ni rangi. Harufu ya ukindu ilinifikia hapa. Lakini sikutaka iwe rangi."

"Kwa nini, dada? Nilikukosea nini?"

"Ulimwona Baba Nasra."

Sasa Zawadi alielewa. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, wakati wa palizi. Zawadi alipita karibu na shamba hili mchana, akamwona Seleman amejikunja, anakula kipande cha muhogo. Macho yao yakakutana. Zawadi akasalimia, akapita.

"Nilimwona," alisema Zawadi.

"Ana vidonda vya tumbo. Daktari amemkataza kufunga. Dini yetu nayo inamruhusu mgonjwa. Lakini yeye anaona aibu, ati mwanamume mzima. Hataki mtu ajue, hata kaka zake. Aliponiambia umemwona, sikupata raha. Nikajua lazima utasema. Kila mkicheka kisimani, nadhani mnamcheka yeye. Nikaona bora nikuwahi. Ukija kusema, watu wasikuamini." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata mumeo?"

"Hata Nestori. Alikuwa ameshika tumbo, nilimwona. Nikajua anaumwa."

Mwanahalima aliangua kilio. Ndege wakatua tena. Wakasimama tena, mmoja analia, mmoja anacheka, wote wanapiga kelele, "Hoi! Hoi!" Mwanahalima aliniambia, "Bibi, ndege siku ile nusura waniue, hawakuniacha nilie vizuri."

Walipokaa, Mwanahalima aliomba msamaha. Zawadi alisema, "Nimekusamehe. Nilianza kukusamehe kabla sijaja, ilinichukua siku kadhaa. Lakini shamba langu linaliwa, Mama Nasra. Mwanangu atakula nini mwaka huu? Neno umelitoa wewe. Mimi nikilikana, hawatanisikia."

"Nitalirudisha mimi," alisema Mwanahalima.

"La mumeo liache lilipo. Hilo ni lenu."

Mchana ule ule Mwanahalima alikwenda kwenye dungu la Mwanaharusi, kabla hofu haijamrudia. Akina mama walikuwa wamekusanyika kwa chakula.

"Nina neno," alisema akiwa amesimama. "Zawadi hakupika nguruwe. Lile lilikuwa debe la ukindu. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema uongo. Naomba mnisamehe, na yeye nimeshamwomba."

Halafu mmoja akasema, "Kumbe! Na mimi nimekaa na njaa siku zote hizo nikisingizia jino!"

Wakacheka. Mwanaharusi hakucheka.

"Huyu amesema," alisema Mwanaharusi. "Na sisi je? Kuna aliyekwenda kumuuliza Zawadi? Tulilipokea, tukalipitisha, tukaliacha shamba la mwenye mtoto mchanga liliwe. Mimi mwenyewe nilimwambia apumzike. Nitamwomba radhi kwa kinywa changu. Salima, hebu ifunue hiyo sufuria, umpelekee. Kesho ni zamu yake."

Salima aliibeba haraka kuliko siku zote.

Kesho yake Zawadi alipika wali wa nazi na kambale. Mashamba yote yaliangaliwa, lake likawa la kwanza. Sinia ikatengwa. Wakanawa. Zawadi alisimama pembeni na upawa mkononi, hakuketi. Mikono ya wenzake ilikuwa bado magotini. Mazoea ya siku nyingi hayaondoki kwa neno moja.

Mwanahalima alisema "Bismillahi." Akatia mkono, akafinyanga tonge kubwa, akala. Akatafuna huku wote wakimtazama.

"Chumvi imepungua," alisema.

"Wewe!" Zawadi akamtisha kwa upawa. Wote wakaangua kicheko, mikono ikaingia siniani. Ganda la chini ya sufuria waligombania.

Tangu siku ile kukatokea desturi pale. Mtu akija na neno, "Shoga, umesikia ya fulani?" mwenzake humuuliza, "Umeshamwendea mwenyewe?" Wengi huishia hapo hapo. Wengine huenda kweli, wakarudi wamepatana. Seleman naye, alipoona jirani amemtunzia siri miezi yote ile, aliwaambia kaka zake mwenyewe kuwa anaumwa. Wakamshangaa kwa kuficha, wakampeleka hospitali. Sasa anatumia dawa. Zawadi alivuna. Ile kona ilikuwa imekwishaliwa, lakini iliyobaki imewafikisha hadi mpunga mwingine.

Lakini Mwanahalima, nilipomuuliza siku gani anaikumbuka zaidi, alinitajia jioni ya siku ya wali ule. Ndege walikuwa wamekwenda kulala. Alisali isha, akajinyoosha juu ya dungu. Tangu Ramadhani alikuwa halali vizuri. Alikuwa akitega sikio kwa kila dungu linalozungumza, asikie kama ni jina la mumewe. Jioni ile akatega tena, kwa mazoea tu. Akasikia Zawadi anamwimbia Vumilia wimbo wa kanisani. Wimbo ukapungua, kisha ukakatika. Mtoto amelala, na mama yake naye amelala. Mwanahalima akavuta shuka mpaka mabegani. Hapakuwa na kitu kingine cha kusikiliza. Akalala.